Baragumu la Masuguru

Enzi za Mwingereza nilikuwa mpiga mbiu wa mwimbaji aliyependwa kuliko wote kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe. Nilitangulia kambi hadi kambi, napuliza baragumu, namsifu kuwa mtu wa heshima. Siku moja huko Misima akatoroka na mke wa mwenyeji wake. Matusi nikaachiwa mimi, kana kwamba yule mwanamke nilimbebea mizigo mimi!

Haikupita miezi mingi, mama yangu akafariki. Nikazunguka kijiji chetu cha Masuguru na baragumu lile lile kutangaza msiba. Watu wakafunga milango. Ndani ya nyumba moja mtu akacheka: “Leo anatuletea nani tena?”

Kaburi la mama tulilichimba mimi na shemeji yangu.