Nilivyojikuta kipa wa klabu ya Wahungari ya hoki ya barafu, mimi mtu wa Tanga nisiyetoka ndani

Wakuu, salaam kwenu nyote, wenye nyumba na tuliopanga.

Humu nimekuwa msomaji miaka mingi. Naingia, nacheka, natoka bila kuaga. Leo naandika, na ninachoandika ni kweli tupu. Ningekuwa natunga, wallahi ningejipa sehemu ya heshima kuliko hii.

Kwanza mnijue. Ni mtu wa Tanga, form four nilimaliza kwa huruma ya msahihishaji, na hapa Johannesburg nashona. Mapazia, sare za shule, suti za maharusi wa Kikongo. Cherehani iko sebuleni. Nakula ndani, nafanya kazi ndani. Mke wangu Mwanaisha huwa anawaambia ndugu zake kwenye simu kwamba mumewe yuko nje ya nchi lakini nje ya mlango hajawahi kufika.

Mwaka 2015 tulitoka Berea, tulikokuwa tunachangia flat na watu ambao mpaka leo sijui majina yao, tukapata kijumba cha uani Rosettenville. Nyumba kubwa ya mbele alikuwa anaishi mzungu mmoja mzee, peke yake. Kwa kuwa mtaa ule umejaa Wareno, nikajua ni Mreno.

Kumbe Mhungari. Nitamwita Mzee Feri, ndivyo alivyopenda.

Siku tunakwenda kukiona chumba hakuniuliza kazi wala makaratasi. Aliniuliza, "Jumapili huwa unakwenda wapi?"

Nikamwambia siendi popote.

"Na Jumamosi?"

Mwanaisha akadakia: "Mzee, huyu hata jua analisikia kwa majirani."

Mzee akacheka, akatoa funguo. Mimi nikadhani anaogopa wezi, anataka mtu wa kushinda pale. Eish.

Tukakaa vizuri. Akija kuchukua kodi anakaa na chai mpaka inapoa, anatazama sindano inavyopanda na kushuka.

Ikaja baridi ya 2016. Mnaoishi huku mnaijua, ile ya Julai inayoingia mpaka kwenye meno. Mzee akaja na furushi la jezi nyekundu za sufu, nzito kama mablanketi, nondo wamekula viwiko. Akaomba nizitie viraka. Nikamuuliza ni za mchezo gani.

Hapo ndipo niliposhikwa, wakuu. Mtu anayekaa ndani hana pa kukimbilia hadithi ikianza.

Kwa wasioujua: hoki ya barafu inachezwa juu ya barafu tupu. Viatu vina visu chini, mkononi una fimbo, na badala ya mpira mnagombania kitufe cheusi cha raba kigumu kama kisigino cha buti. Wanakiita puck. Kikikupata mahali, unasahau jina la mama yako.

Klabu ya Mzee Feri ilianza Budapest, zamani hata yeye hajazaliwa. Jina kapuni. Waliianzisha vijana wa jengo moja la kupanga, lenye ua katikati na kamba za nguo kila ghorofa. Bwawa la bustani ya mji likiganda, wanakwenda kucheza. Timu ilikuwa na kila mtu isipokuwa kipa, maana hakuna aliyetaka kusimama mbele ya kile kitufe.

Sasa mama wa kapteni alikuwa na mpangaji, mwoka mikate. Kazi yake ilikuwa ya usiku, kwa hiyo asubuhi yuko nyumbani, miguu karibu na jiko. Vijana wakamkokota. Hajui kuteleza, hajui sheria, lakini alikuwa mpana na hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Wakashinda.

Tangu siku hiyo ikawa sheria ya klabu. Mchezaji wa ndani unaweza kuazima popote. Kipa lazima awe mpangaji, analala chini ya paa la mwanachama.

Basi historia ya klabu ile, ukiiangalia vizuri, ni historia ya wapangaji. Vita ikabomoa uwanja, wakapata kipa mwingine aliyekuwa anajificha darini kwa mtu. Vita ikaisha, serikali ikachukua vilabu vyote, ikabadili jina na rangi ya jezi. Jezi za zamani zikaingia chini ya magodoro.

Halafu ukaja mwaka 1956, vifaru vya Warusi vikajaa mitaani. Feri alikuwa kijana mbichi. Akavuka mpaka kwa miguu na wenzake watatu, kila mmoja jezi ndani ya koti, si kwa mapenzi ya klabu, alisema, ila ndiyo nguo ya joto waliyokuwa nayo.

Wakaangukia Johannesburg, karakana za vyuma vya migodini. Wakasikia mjini kuna uwanja wa barafu. Wakaifufua klabu kwa jina lilelile, na kipa wao wa kwanza huku alikuwa Mreno kutoka kisiwani, mpangaji, aliyelia kwa baridi mechi nzima na hakufungwa.

Wapinzani wao walikuwa Wacheki, nao wakimbizi. Kila baridi mechi moja. Na katikati yao kuna sufuria.

Hii sufuria mnielewe, kwa sababu ndiyo shida yote. Ni chungu cha chuma, kinaning'inizwa juu ya moto, kinapikiwa mchuzi wa nyama mwekundu wa kwao. Anayefungwa anaondoka nacho. Mwaka unaofuata yeye ndiye anayeitisha mechi, na baada ya mechi yeye ndiye anayewapikia wote. Baridi ikipita bila mwenye sufuria kuitisha, mchezo umekufa. Hakuna kamati wala rufaa.

"Mwaka jana tulifungwa," Mzee akaniambia. "Sufuria iko jikoni kwangu. Wenzangu watatu wote wamekwishazikwa. Na mpangaji wangu wa mwisho, Mmalawi, alihamia Durban."

Mimi naendelea kushona tu. Pole sana mzee, pole.

"Hii ya kipa," akasema, "ijaribu wewe kidogo nione mabega."

Nikaivaa. Nikageuka hivi na hivi kama bibi harusi. Mzee akafuta miwani yake, akasema imekaa sawasawa.

Wakuu, mpaka anatoka mlangoni nilikuwa sijaelewa. Mwanaisha ndiye aliyeanza kucheka, akashika friji asianguke.

Habari ikamfikia Papa Gloire, jirani yetu Mkongo wa Bukavu, analinda geti la benki Marshalltown. Akaja na sare zake kunipa pole mapema. "Yaya, barafu ni ya kutia mu bia, haiko ya kutembea juu yake! Bakikupiga na kile kitu, tutakurudisha Tanga mu karto." Yaya kwao ni kaka, karto ni boksi.

Nilitaka kukataa. Lakini kila nikichungulia dirishani namwona Mzee uani anasugua ile sufuria kwa mchanga, taratibu, mtu wa miaka themanini na ushee. Nikikataa mimi, jambo lililovuka vita na vifaru linafia Rosettenville kwa sababu fundi cherehani anaogopa baridi. Nikakubali.

Mechi ilikuwa Jumapili mchana, ndani ya jumba la maduka huko kaskazini. Mzee alishaazima vijana wa pale uwanjani, wanajua kuteleza kama samaki. Mimi nilifikishwa golini kwa kusukumwa, kama kabati.

Sasa niwaambie siri. Shuleni Tanga nilikuwa kipa wa tatu. Kipaji changu kilikuwa kimoja tu: kuulalia mpira. Nikishaudaka nalala nao mpaka refa aje kuniinua kwa kola. Wenzangu waliniita Godoro. Mwalimu wa michezo alinifukuza kwa kupoteza muda.

Kumbe kwenye hoki ya barafu ule uhuni wangu ni kazi halali! Kipa akikifunika kitufe, refa anapuliza filimbi, mchezo unasimama, unaanza upya. Hakuna wa kukuinua kwa kola. Nilipogundua hilo, wakuu, nililala. Kinakuja kushoto, nalala. Kinakuja kulia, nalala. Mwanaisha jukwaani amejifunga khanga juu ya jaketi anapiga kelele, "Lala baba! Fanya kama nyumbani!"

Tukafunga mawili, wakafunga mawili. Dakika zikawa zimebaki kidogo. Mzee Feri amesimama pembeni, mkono kifuani. Alitaka kushinda, alishaniambia asubuhi: walau mara moja tena kabla hajafa ale mchuzi uliopikwa na Mcheki.

Kikaja kitufe juu. Nikanyoosha glovu, nikakidaka. Nimesimama! Ukumbi ukashangilia.

Hapo miguu yangu ikakumbuka Tanga. Kipa akidaka, anafanya nini? Sikusikiliza kama filimbi imelia. Nikainama, nikakiweka chini kwa adabu mbele ya goli, nikarudi nyuma nimeshika mlingoti, natafuta wa kumpigia. Nataka kupiga goal kick.

Filimbi ilikuwa haijalia.

Kapteni wa Wacheki, Mzee Honza, umri mmoja na Feri, alikuwa karibu. Akaja polepole kama jirani anayekuja kuazima chumvi. Akakisukuma ndani.

"Asante, kijana," akaniambia. Kwa heshima kabisa.

Jukwaani Papa Gloire alikuwa anagaragara. "Goal kick! Yaya anapiga goal kick mu frigo!"

Tukafungwa tatu kwa mbili.

Tukarudi kwa bakkie ya Mzee, ndiyo pikapu ya huku. Kila robot nyekundu, yaani taa za barabarani, ilikuwa ndefu. Nikawa napanga kichwani tutahamia wapi, kama Berea watatupokea tena.

Jioni ile uani moto ukawashwa, sufuria ikaning'inia. Mzee alikuwa amenunua nyama bucha la Waislamu kwa ajili ya kipa wake, bila kuniambia, nikazidi kuumia. Wacheki watatu wakaja, Honza na wengine wawili. Tukala. Mwanaisha mwenyewe hakunitania, ndipo nikajua ni msiba.

Honza akamaliza bakuli, akafuta mdomo. "Feri, kuna jambo sijakwambia. Desemba nakwenda Australia, kwa binti yangu. Sirudi."

Akaigonga sufuria kwa kijiko.

"Leo kama ningefungwa ningelibeba hili lichungu. Ningeliacha gereji na vitu vingine, wanunuzi wa nyumba wangelitupa." Akawaonyesha wenzake kwa kidole. "Hawa ni watu wa kuitwa. Si watu wa kuita."

Wale wawili wakaitikia kwa kichwa, hawakubisha. Mmoja akaongeza mchuzi.

Mzee Feri akaitazama sufuria. Akanitazama mimi muda mrefu, mpaka nikaanza kukusanya bakuli ambazo watu walikuwa hawajazimaliza.

"Wewe," akasema.

"Naam, mzee."

"Mwakani usihame."

Sikuhama. 2017 tukacheza tukafungwa, 2018 tukacheza tukafungwa, mara hizo kihalali kabisa. Mechi moja umeme ulikatika katikati ya mchezo, ukumbi mzima giza. Tukakaa pale pale juu ya barafu, makalio yameganda, tukingoja jenereta. Mzee akaanza kutaja gizani makipa wote wa klabu, mmoja mmoja tangu yule mwoka mikate. Yule wa darini. Mreno. Mmalawi. Mwisho akataja jina langu, alilokuwa analitamka vibaya miaka yote. Hakuna aliyemsahihisha. Nikiambiwa leo nichague dakika moja ya Jo'burg ya kurudia, nachagua ile.

Mwaka huu, 2019, kabla baridi haijaanza, Mzee Feri alifariki. Usingizini, kwenye kiti chake. Mpwa wake akaja kuuza nyumba, mtu mwema, akatupa muda wa kutafuta kwingine. Tukapata nyumba mtaa wa pili. Siku tunaondoka akaniletea sufuria mlangoni. Akasema mjomba aliacha neno: mpangaji akibakiwa na sufuria, si mpangaji tena, ni mwanachama.

Nikaiweka juu ya kabati. Juni ikapita. Julai ikapita. Mimi na cherehani yangu, si mnanijua sasa. Kila nikiitazama najiambia kesho.

Juzi Mwanaisha akaishusha, akaiweka mezani juu ya kitambaa cha mteja. "Unangoja nani aitishe? Feri amekufa, Honza yuko Australia. Umebaki wewe, na wewe ni mtu wa kuitwa?"

Lilinichoma hilo.

Kwa hiyo wakuu, huu uzi ndio wito wenyewe. Jumapili ya mwisho ya Agosti, mchana, mechi ipo. Wale Wacheki wawili nimewapigia, wanakuja, wameuliza kwanza kama kuna nyama. Kipa ninaye: Papa Gloire amepanga chumba kwetu tangu Aprili. Anasema yeye ni mlinzi wa geti, hajasomea goli. Nimemwambia sheria haikuandikwa na mimi.

Nilichojifunza ni kidogo, elimu yangu mnaijua. Nilidhani kitu kinakufa kwa kushindwa. Klabu ile ilishindwa na vita, na serikali, na mimi mwenyewe kwa goal kick, na haikufa. Ambacho kingeiua ni baridi moja tu ya watu wema kukaa ndani, kila mtu akingoja mwenzake aite.

Haya, uwanja ni wenu. Nyumbani kwenu kuna timu gani, kikundi gani cha ngoma au cha kuzikana kilichozimika kwa sababu hakuna aliyepiga simu ya kwanza? Tajeni, tukumbushane. Na mlioko Jo'burg, nani anajua kusimama juu ya barafu? Nahitaji watano. Asiyejua kusimama aje na bakuli lake, mchuzi upo.