Dracéna kumi na nne kwa Mama Hadidja

Jokébed hakupenda maua. Watu wa Butembo walikataa kuliamini hilo, kwa kuwa mama huyu wa miaka hamsini na tatu aliishi kwa kupanda bustani za watu, na vikopo vyake vya miche vilijaa kando ya barabara, karibu na kanisa la Kiprotestanti alikosali. Lakini ukweli ndio huo. Alichopenda ni mmea usiomsumbua mtu. Ua la kumwagiliwa asubuhi na jioni aliliona sawa na mgeni anayelala kwako wiki tatu bila kushika ufagio.

"Maua haiko mutoto," aliwaambia wateja wake, akiwakazia macho. "Kama unaililia kila siku, ulikosa fasi ya kuipanda."

Kwa hiyo kazi yake aliianza kwa kukaa na kuitafuta hiyo fasi, yaani mahali pafaapo. Alifika kwa mtu saa moja asubuhi, akaomba kiti, akakaa mpaka jua likazama, huku akichomeka vijiti ardhini: hapa jua la kutwa, hapa la asubuhi tu, hapa kivuli. Wenye nyumba walikereka. Wengine walimwita mvivu, wengine walinong'ona kwamba anapeleleza. Jioni aliwaambia bustani itakavyokuwa, wala hakuuliza mtu anapenda rangi gani.

Alikuwa mtu wa Mbau, kijiji cha upande wa Beni, mkulima, mke wa mkulima. Miaka minane iliyopita mume wake aliuawa shambani mwao, na majirani wakamzika palepale kwa haraka kabla ya kukimbia vita. Jokébed alifika Butembo na jembe moja, na hasira yake haijapoa tangu siku hiyo. Aliyempokea ni Muzee Phinées, mtunza bustani wa misheni, ambaye sasa ni marehemu. Kwake alijifunza majina ya maua kwa Kifaransa, na majina hayo aliyashika kwa wivu, maana yalikuwa mali yake ya kwanza baada ya kupoteza zote. Mteja akitaja mmea kwa jina la kijijini, Jokébed alimsahihisha mbele za watu.

Mwezi wa tatu aliitwa na Mama Hadidja, mjane wa Musafiri, aliyekuwa dereva wa lori kati ya Beni na Kasindi. Hadidja alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Kisangani, muuza vitenge, na ulimi wake haukuwa na likizo. Wawili hawa walichukiana tangu salamu.

"Miye niko ku soko tangu asubuhi," alisema Hadidja. "Sina mutu wa kumwangia maji. Nataka maua yenye itaishi pasipo miye."

"Yenye itaishi pasipo wewe itafurahi," alijibu Jokébed, akaomba kiti.

Mbele ya nyumba jua lilichoma kutwa, na udongo mwekundu ulikuwa mgumu kama tofali. Hapo aliweka lantana, na bugenvilia langoni, na kanna pale maji ya bati yalipomwagikia. Nyuma mambo yalikuwa mengine. Miparachichi ya jirani, Kitsa, ilijaza kivuli juu ya nusu ya uwanja wa nyuma wa Hadidja. Chini ya kivuli hicho Jokébed alipanda fougère, yale majani ya msituni yasiyotaka jua. Kisha, pale kivuli kilipoishia, katikati kabisa ya uwanja, alipanda dracéna kumi na nne kwa mstari mmoja ulionyooka. Dracéna haiombi maji, haiombi jua, na ingeficha majani makavu ya mparachichi, mtu asipate kazi ya kufagia. Alishindilia udongo kwa kisigino, akaenda zake ameridhika.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana mtu wa nchi nyingine asingeliona. Kwa Wanande, kabila la Jokébed na la wengi wa Butembo, mmea huo wenye shina jembamba na majani marefu hupandwa pale shamba la huyu linapokwisha na la yule linapoanza. Ukiukata unachipuka. Ni muti ya mupaka, na hata mtoto anayejifunza kutembea anaujua. Jokébed mwenyewe aliwahi kuushika kule Mbau, mume wake akichimba shimo na majirani wakishuhudia. Lakini ule ulikuwa muti ya mupaka, na huu wa kwenye kopo ulikuwa dracéna. Miaka minane alikuwa akiuita hivyo na kuwasuta waliokosea, mpaka jina likamfunika macho.

Kitsa alikuwa na macho. Alikuwa shemasi katika kanisa la Jokébed, mtu wa sauti ya chini na mikono mirefu. Aliona pia kwamba uzio wa matete, ambao hati ya Musafiri iliutaja kuwa mwisho wa kiwanja, ulikuwa umeoza tangu Musafiri afe, na mjane hakuusimamisha tena. Siku ya tatu akavuka, akang'oa fougère zote, akapanda maharage mpaka kwenye mstari. Hadidja alipomuuliza, alimjibu kwa upole kabisa: "Mupaka mulipanda mwenyewe, mama. Miye nafata tu."

Hadidja alishuka barabarani mbiombio, akasimama juu ya vikopo vya Jokébed.

"Ulinipandia mupaka ndani ya nyumba yangu. Kitsa alikupa nini?"

Jokébed alifungua kinywa aseme kwamba ile ni dracéna. Hapo ndipo alipoikumbuka Mbau. Aliuona mstari ule kama ulivyo, akaona aibu, akakaa chini kwenye vumbi. Hadidja akamwangalia akiwa pale chini, akatema mate pembeni, akaondoka.

Siku hiyohiyo alasiri, baada ya mazoezi ya kwaya, Kitsa alimfuata.

"Mama Jokébed, hapa barabarani batakufukuza, unajua. Kule nyuma ya mustari kuko kivuli muzuri kwa vikopo vyako. Nitakupa. Useme tu yule mama alikutuma kupanda mupaka. Yeye ni mugeni. Miye na wewe tunasali pamoja."

Na alikitaka kile kivuli, tusidanganyane. Usiku mzima moyoni mwake alipanga vikopo vyake pale, begonia upande huu, hortensia upande ule. Lakini kwa Kitsa alikuwa amesema tu, "Nitasema kenye kiko," yaani lile lililopo, na Kitsa akaelewa alivyotaka kuelewa.

Jumamosi chef wa avenue, yaani mkuu wa mtaa, Kamate, alikuja na watu wakajaa uwanjani. Kitsa alisema yake. Hadidja alisema yake, na ndani yake Jokébed aliitwa mwizi mara tatu. Kamate akamgeukia mpandaji.

"Nani alikutuma kupanda hii mustari?"

"Hakuna mutu. Nilifata kivuli."

Watu walicheka. Kitsa hakucheka.

"Donc unaona huu muti tangu kuzaliwa, mais haukujua maana yake?"

"Nilijua. Nilisahau."

"Mutu hasahau mupaka," alisema Kitsa. "Kama haiko mupaka, ing'oe. Hapa, mbele yetu."

Kicheko kikakatika. Hakuna Mnande pale aliyewahi kuona mkono wa mtu ukifanya hivyo. Wazee walisema mwenye kung'oa muti ya mupaka hatavuna tena kwa mkono huo, na wasioamini nao hawakuwahi kujaribu. Kamate mwenyewe aliangalia kando. Kitsa alikunja mikono, maana alimjua Jokébed ni mwenyeji, ataogopa.

Aliogopa kweli. Lakini hofu yake haikuwa ya laana. Kule Mbau miti kama hii ilizunguka shamba alimolala mume wake. Hati hakuwa nayo, mashahidi walikuwa wametawanyika au wamekufa, na miti ile peke yake ndiyo iliyosema kwamba shamba ni la Jokébed. Kung'oa hii mbele za watu ni kusema kwa mkono wake kwamba miti ya namna hii ni maua tu. Alimtazama Hadidja, aliyemkunjia uso hata wakati huo. Angalau angekuwa mtu wa kupendeza, aliwaza kwa uchungu.

Akainama, akavuta ya kwanza. Ilikataa. Akachimbua kwa vidole, akavuta tena, ikatoka na udongo wake. Alizitoa zote kumi na nne, na hakuna aliyesogea kumsaidia. Alipofika ya mwisho viganja vyake vilikuwa vimechubuka, na Kitsa alikuwa amekwisha kurudi nyumbani kwake.

"Basi, ni maua," alisema Kamate. Akaamuru vishina vya matete yaliyooza vitafutwe, na uzio usimame palepale pa zamani.

Hadidja hakushukuru. "Wewe njo uliniletea hii yote," alisema, na hilo halikuwa uongo. "Sasa ile fasi ya kivuli iko uchi. Siku ya tatu ukuje uipande."

Wengine hawakumwita tena. Kanisani wanawake walisogea wakimwachia benchi, na Léa, aliyekuwa ameagiza jeraniamu, alituma ujumbe kwamba amebadili mawazo. Walimwita mama mwenye kung'oa mipaka. Mteja akabaki mmoja, naye walichukiana.

Siku ya tatu ya juma, Jumatano, Jokébed alikuwa amepiga magoti nyuma ya nyumba ya Hadidja, akirudisha fougère, simu ikalia. Alikuwa shemeji yake, Jéthro, akipiga kutoka Beni. Watu walikuwa wameanza kurudi Mbau, alisema, na jirani mmoja amelima kuvuka miti, amefika mpaka karibu na kaburi.

"Umuonyeshe mipaka," alisema Jokébed. "Miti iko pale. Haikufa."

"Nilimuonyesha, shemeji. Anasema habari ya Butembo ilimufikia. Anasema wewe mwenyewe ulionyesha batu kama ile ni maua."