Mafuta ya Kiko cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa na kiko cha mpingo, na kazi ya kukisafisha ikawa yangu tangu nilipoolewa Kipatimu nikitokea Masoko, pwani. Hakuniamuru. Siku moja alinionyesha tu: unakung'uta majivu, unachovya unyoya wa kuku kwenye mafuta ya ufuta, unaupitisha ndani ya mrija mpaka utoke bila weusi, kisha unakipaka kiko chenyewe kwa kitambaa ili kisipasuke. Mbele yake nilikuwa sina maneno mengi, na kile kiko ndicho kilichotuzoesha.

Asubuhi moja, msimu wa kupulizia mikorosho, nilikuta ufuta umekwisha. Juu ya kabati la jikoni kulikuwa na chupa ya soda yenye kitu cha manjano, kizito kama mafuta. Siku hiyo nilikuwa na mafua, sikunusa chochote. Nikachovya unyoya, nikapitisha, nikapaka. Mzee akachukua kiko chake, akaniaga, akashuka shambani.

Baadaye mume wangu alirudi kuchukua bomba la kupulizia, akaniuliza iko wapi ile chupa aliyotilia dawa ya mikorosho. Nilimwonyesha kabati.

"Hiyo ndiyo nimemsafishia baba kiko," nikamwambia.

Alipiga simu ya mzee, ikalia chumbani kwake. Akaichukua ile chupa, akakimbilia bodaboda barabarani, mimi nikakata njia ya mguu bondeni. Njia nzima nilimwona mzee amekufa. Nikaona na msiba, wanawake wamekaa wananitazama, wakisema yule mke wa kutoka pwani kamuua mkwewe. Niliona aibu kwamba hata wakati ule nilikuwa najihofia mwenyewe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilimkuta ameegemea shina la mkorosho, kichwa kimeinama, kiko kimeanguka chini. Nikaita, hakujibu. Sikuwa nimewahi kumgusa baba mkwe. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi, umelowa jasho. Akafumbua macho taratibu.

"Mwanangu, leo umenipakia nini kwenye kiko?"

Nikamwambia. Hakugomba. Alisema alivuta mara mbili tu, ulimi ukafa ganzi, akatapika. Mume wangu alipofika na bodaboda tulimpakia katikati yetu, nyuma ya dereva, na kila tulipovuka shimo nilimsikilizia pumzi mgongoni.

Kwenye zahanati, muuguzi aliiangalia ile chupa, akauliza nani aliyeitumia. Mume wangu alinitazama. Mzee akasema ni yeye mwenyewe, macho yake yameisha, alidhani ni mafuta. Walimtundikia dripu, wakamlaza mpaka kesho yake, na mimi nikakaa sakafuni kando ya kitanda nikihesabu pumzi zake.

Alipona. Kile kiko tulikichoma moto, na mume wangu akaifungia dawa kwenye sanduku lenye kufuli. Mwezi uliofuata mzee alipata kiko kingine, akaniletea pamoja na kitambaa, kama zamani. Nilimwambia siwezi, anisamehe. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa barazani kukisafisha mwenyewe.

Hatujawahi kulizungumza tena. Ila akikohoa chumbani kwake, hata mara moja, naacha ninachofanya, nasimama nasikiliza mpaka nisikie anatembea.