Kipimo cha Damu Kisichomridhisha Mtu

Mwanangu alipofikia umri wa kuanza shule, alikuwa bado anainuka kutoka chini kama mzee. Alishika magoti, akapanda kwa mikono juu ya mapaja yake mwenyewe, ndipo akasimama. Mashavu ya miguu yake yalikuwa manene, magumu, na majirani zetu pale Bariadi walisema huyu atakuwa mcheza mpira. Zahanati walinipa dawa za minyoo. Nilipozimaliza, wakanipa nyingine za minyoo.

Daktari bingwa wa Mwanza alimwangalia akiinuka mara moja tu, akajua. Alisema misuli yake inakwisha taratibu, na ugonjwa huo ni wa kurithi. "Mara nyingi hupita kwa mama kwenda kwa mtoto wa kiume," alisema. Mama mkwe wangu, aliyekuwa ametusindikiza, akamwomba arudie. Akarudia. Kabla hata sijashuka stendi, nadhani Zagayu nzima, kijijini kwa wakwe zangu, ilishaambiwa kwamba ubovu umetoka kwetu.

Tukatolewa damu, mimi na mtoto, ipelekwe Dar na kutoka huko nje ya nchi, ikapimwe vinasaba. Pamba ikapandwa, ikapaliliwa, ikavunwa, majibu hayajaja. Kila nikipiga simu naambiwa mtandao uko chini, au mhusika ametoka. Mwishowe binti mmoja akaniambia bila haraka, "Ya mtoto ipo. Ya mama iliharibika njiani. Njoo utoe nyingine."

"Na mlijua lini kwamba imeharibika?"

"Hapa haijaandikwa."

Nikaacha cherehani yangu na nguo za watu, nikarudi Mwanza.

Miezi hiyo wifi zangu walikuja kwangu kwa zamu kumshauri kaka yao aoe mwanamke mwingine, mwenye damu safi. Walimshauri mbele yangu, huku wakila ugali niliousonga mimi. Mume wangu hakukubali wala hakukataa. Aliitikia "ee, ee" kama mtu anayesikiliza taarifa ya mvua. Wifi walinichosha, lakini hiyo "ee, ee" ilinichosha zaidi.

Siku ya majibu aliingia nami kwa daktari.

"Mtoto anao ugonjwa, hilo halina shaka," daktari alisema. "Lakini kwenye damu ya mama hatujauona. Inaelekea kasoro imeanza kwa mtoto mwenyewe, alipokuwa anaumbwa."

"Kwa hiyo umetoka kwangu?" mume wangu akauliza.

"Hapana. Ugonjwa huu baba hampi mwanawe wa kiume. Hautoki kwa yeyote kati yenu. Hutokea tu. Mkipata mtoto mwingine, hatari ni ndogo, ila siwezi kusema haipo."

Tukaenda Zagayu kueleza. Niliwaza kwamba sasa nitaombwa radhi, au angalau nitanyamaziwa. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mwanawe. "Kitu hakianzi chenyewe, baba. Kama si kwake na si kwako, basi kuna mtu ametufanyia." Wifi mmoja akasema kipimo kimekosewa, kwani si wenyewe walikiri waliharibu damu? Shangazi akaanza kuhesabu majirani wenye kijicho. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Hapo ndipo mume wangu alipoongea. "Mayu," alimwambia mama yake, "daktari amemaliza. Kwa mganga hatuendi, na mke wa pili sioi. Anayetaka kusaidia, aje ajifunze kumnyoosha mtoto miguu."

Nilimtazama. Maneno hayo niliyahitaji mwaka mzima uliopita, na nilimwambia hivyo njiani. Akajibu, "Ee." Nikamwambia asinijibu hivyo tena.

Mwanangu sasa anakaa kwenye kiti cha magurudumu. Anajua hesabu kuliko darasa lake lote, na mwalimu mkuu bado anatuahidi kuwa ngazi za mlangoni mwa darasa zitasawazishwa ili kiti kipite. Mama mkwe ndiye aliyekuja kujifunza. Amehamia kwetu, na kila asubuhi anapasha maji, anamkanda mjukuu wake na kumvuta nyayo kama alivyoelekezwa, kwa subira ambayo mimi sina. Akifanya hivyo huwa anamtaja kwa sauti ya chini jirani fulani wa Zagayu aliyeturoga. Nimeacha kubishana naye. Namsogezea tu beseni.