Nafasi Kati ya Mama na Elieshi

Nilichokiona kwanza kwa Skolastika ni kwamba mwenzake aliyemleta alipomwita "Skola", hakuitika. Aliinua macho taratibu, kana kwamba anaitwa mtu mwingine.

Mkoa wetu wa Manyara bado ni mchanga, nami nimetoka chuo juzi tu. Nafundisha kompyuta katika chumba cha kupanga hapa Maisaka. Skolastika alitumwa na kikundi cha kinamama wakulima wa mbaazi wa Mutuka, wanaotaka kompyuta isome orodha ya majina na mashamba yao.

Nilimwanzishia mifano ya Java, lugha ya kuandikia programu, iliyokuwa kwenye CD. Kuiweka tu kulitutesa. Kompyuta ilidai haiijui amri ya javac mpaka tulipoielekeza folda ilimo. Hatimaye mfano wa kwanza ulikubali. Ulisoma faili la XML, ambamo kila habari hufungwa kati ya lebo mbili, ukatoa majina ya vitabu. Skolastika alipiga kigelegele hadi majirani wakachungulia.

Akaanza faili la kikundi. Lebo ya kwanza aliandika yake mwenyewe: <Mama Elieshi>. Programu ikakataa.

"Inasema Elieshi lazima afuatwe na alama ya sawasawa," nilimtafsiria.

"Elieshi afuatwe na nini?"

"Ni hiyo nafasi, mama. Jina la lebo haliruhusu nafasi katikati. Inadhani Elieshi ni sifa ya Mama, inauliza ni sawa na nini."

Rogath, fundi redio ninayepanga naye chumba, alicheka. "Mjibu basi, Mama Elieshi! Mwambie mtoto yuko darasa la ngapi!"

"Angekuwa la tatu," alisema Skolastika.

Rogath aliweka chini chuma chake cha kulehemu. "Pole, mama. Sikujua."

"Homa ilimchukua. Tangu hapo kikundini wananiita Skola, wasinitoneshe. Wananihurumia, najua. Lakini mwenyekiti wetu, Mama Rahma, bado ni Mama Rahma. Mimi peke yangu ndiye niliyerudishwa kuwa binti."

Nikarudi kwenye kazi. "Andika Skolastika. Ni neno moja, litapita."

"Hapana, mwalimu. Tafuta njia nyingine."

Tukayabana maneno mawili yakawa moja: <MamaElieshi>. Programu ikapita bila kulalamika. Akalitazama jina kwenye skrini kwa muda mrefu, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaendelea na majina ya wenzake.

Jumamosi kikundi kizima kinakuja. Programu itayatoa majina, na mwenyekiti, Mama Rahma, atayasoma kwa sauti kama yalivyoandikwa. Hawajui watakachokikuta. Skolastika ameshaazima mabenchi kanisani, na kila akipita hapa huchungulia dirishani na kuniuliza kama Jumamosi umeme utakuwepo.