Kuiba Lilikuwa Neno Dogo

Jirani yangu hapa Kasulu hushona sare za shule, na cherehani yake ikianza kulia asubuhi mimi hutoka nikakae mbali. Mlio ule hunirudisha kituo cha polisi, nikiwa na miaka kumi, mbele ya askari aliyeniuliza kwa upole, "Tukutafutie mtu wa kukutafsiria Kiha?" Nikakataa. Najuta hadi leo.

Niwaambie ilivyokuwa. Mchana mmoja, watu wakiwa mashambani, nilimwona kaka yangu Laurenti nyuma ya nyumba ya Mzee Athumani, fundi aliyekuwa amemfukuza kazi wiki ile. Alibandua ubao wa dirisha kwa panga, akaingia, akatoka na cherehani begani. Alipoondoka nilichungulia. Chumba kilinukia mafuta ya mashine na dawa ya kuchua. Mama yake fundi, bibi mgonjwa, alikuwa kitandani, mdomo wazi, akikoroma. Hakuwa ameamka hata kidogo.

Nilimsimulia mama, majirani wakasikia. Laurenti akakamatwa njiani kwenda Mabamba, nami nikaitwa kituoni.

Nyumbani tulisema Kiha, na kwetu neno kwiba lilimtosha mwizi wa kuku na mwizi wa ng'ombe. Kwa hiyo nilipokutana na "kuiba" shuleni nililidharau. Lilifanana mno na letu, nikaliona ni Kiha kilichovaa viatu. Mimi ndiye niliyesifiwa Kiswahili darasani, hasa kwa kuitamka vizuri ng', iliyowashinda wenzangu. Mbele ya askari nikataka neno la watu wazima.

"Alimnyang'anya bibi cherehani," nikasema.

"Alikuwa na nini mkononi?"

"Panga, afande."

"Na bibi alikuwa wapi?"

"Humo humo chumbani."

Askari akaandika, kisha akamgeukia mama. "Mama, mwanao anaongea kama redio."

Mama hakujua Kiswahili. Akatabasamu, kwa kuwa aliona nasifiwa.

Bibi alifariki kwa ugonjwa wake kabla ya kesi. Mahakamani nikarudia maneno yale yale, kwa sauti ya kusomea darasa. Laurenti akasema alivunja dirisha tu, bibi alikuwa usingizini. Nani angemwamini mwizi? Akapewa kifungo kirefu cha unyang'anyi wa kutumia silaha.

Nilikuwa kidato cha pili mwalimu alipotueleza kwamba anayevunja nyumba akachukua mali bila kumkabili mtu ni mvunja nyumba, na anayemtisha au kumpiga mtu ili achukue ndiye mnyang'anyi, na adhabu yake ni nzito zaidi. Wenzangu waliandika. Mimi nilishika kalamu tu.

Ningeweza kurudi nikasema kweli. Umri ulitosha. Niliona aibu, nikajiambia kwamba hata hivyo aliiba.

Na kweli aliiba. Angefungwa muda wake, angetoka, angeoa. Badala yake Laurenti alifia gerezani, na mama akafa akimwonea haya, akiamini kwamba mwanawe alimwinulia panga bibi kizee kitandani. Panga lile halikumwelekea mtu. Mimi ndiye niliyelielekeza, kwa neno moja, na likanigharimu kaka yangu.