Mkono wa Kulia wa Lukumani

Miaka ishirini na minane Lukumani aliendesha bodaboda kati ya Arua na Koboko, na miaka yote hiyo mkono wake wa kulia ulijua amri moja: ukiona hatari, kamata. Breki ilikuwa pale. Sukari ilipomwondolea mguu mmoja, mkono haukuambiwa kitu.

Tangu hapo alipelekwa msikitini akiwa amebebwa nyuma ya pikipiki kama gunia la mihogo, tena na madereva aliowafundisha mwenyewe. Hilo lilimuuma kuliko mguu.

Binti yake Shamirah, nesi wa Kampala, akamletea kigari cha umeme: kiti kimoja, magurudumu manne, na kitufe cha mwendo chenye picha ya kobe na sungura. Akamwelekeza uani kwao, mtaa wa Oli.

"Baba, hii haina breki ya kukamata. Ukivuta hapa kwa vidole, inaenda. Ukiachia, inasimama yenyewe, hata kwa mteremko."

"Pikipiki gani inasimama ukiachia?"

"Si pikipiki, Baba."

Lukumani alikwenda moja kwa moja kwa sungura; kobe kwake alikuwa tusi. Mara mbuzi wa jirani akakatiza. Mkono ukakamata. Kadiri alivyoogopa ndivyo alivyokamata, na kadiri alivyokamata ndivyo kigari kilivyomtii. Mbuzi aliruka. Beseni la unga wa mkate wa kisra la mkewe Medina halikuwa na miguu ya kurukia.

Medina, unga mpaka kwenye nyusi, alichomoa ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso.

"Baba Shamirah, fundisha kwanza huo mkono. Ijumaa nitakupima. Ukikamata tena, hii kitu italaliwa na kuku."

Shamirah akarudi kazini, shule ikabaki kwa Medina. Wakati wowote alipaza sauti, "Mbuzi! Achia!" na Lukumani alipaswa kufungua vidole. Akadondosha kijiko. Akadondosha redio. Jumatano akadondosha chai ya moto kwenye kanzu, na Medina akamsifu kama mtoto aliyeanza kutembea.

Ijumaa Medina alifungua pindo la leso, akampa ufunguo, wakatoka, kitufe kwa kobe. Medina alifuata nyuma, mkono kwenye kiti, kana kwamba angeweza kukizuia. Wakafika kwenye mteremko wa kuelekea msikitini, na katikati yake ipo steji ya bodaboda. Kabiru, mwanafunzi wake wa zamani, akamwona.

"Ah, Mzee Lukumani! Hata bibi angekupita kwa miguu! Achia, mzee, achia!"

Kwa lugha ya steji, achia ni kutia moto, yaani kuongeza mwendo. Lakini mkono wa Lukumani ulisikia neno, ukafungua vidole. Kigari kikasimama tuli kwenye mteremko, hakikuteleza hata shubiri. Steji nzima ikacheka.

"Betri imekufa, mzee?"

"Haijakufa. Umesema achia, nimeachia. Wewe nilikufundisha kwenda, Kabiru. Kusimama ndiyo ulikataa kujifunza."

Sasa steji ikamcheka Kabiru.

Mlangoni pa msikiti Lukumani aliachia, akangoja kigari kitulie kabisa, ndipo akazima. Akachomoa ufunguo, akamnyooshea mkewe bila kuambiwa. Medina hakuupokea. Alivishika vidole vyake, akavifunga kimoja kimoja juu ya ufunguo.

"Hii moja," akasema, "usiachie."